Wanaoingia Jioni

Rahab alikuwa nyuma ya bomba la maji la landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mwanawe Nyakio mgongoni na ndoo mkononi, aliposikia akitajwa. Msemaji alikuwa Adero, jirani yake wa ukuta mmoja, na aliyeambiwa alikuwa mwanamume wa kaptura ya kaki mwenye daftari.

"Kwa nyumba ya mama Nyakio wako wengi, bwana. Wanaingia jioni, wanajificha. Yeye anajua, lakini amenyamaza tu. Mkuje mbio, kabla hawajaumiza mtu."

"Kesho saa nne," mwanamume akajibu, akiandika. "Tutawamaliza."

Rahab akarudi nyumbani na ndoo tupu. Huo ulikuwa mwaka wa 1954, na pale Nakuru Mkikuyu hakuhitaji kosa kubwa ili apakiwe kwenye lori la kwenda kizuizini. Serikali ilikuwa ikiwasaka watu wa msituni waliopigana nayo, na aliyewapa hata kikombe cha uji alichukuliwa pamoja nao. Tena Rahab alikuwa na lake la kuficha. Jumanne iliyopita Hiram, binamu ya mumewe, alilala sakafuni kwao bila kibali, akatoka alfajiri. Mtu mmoja, usiku mmoja! Kinywani mwa Adero wamekuwa wengi.

Kuanzia hapo hakuna alichofanya Adero kikakosa dosari. Mbona juzi alikuja kuomba chumvi, macho yakizunguka chumba kizima? Mbona aliinua ncha ya gunia ambalo Rahab alilitundika ukutani kuzuia baridi ya ufa, akaguna? Kikulacho ki nguoni mwako, Rahab alijiambia, na hasira ikamzidi alipokumbuka kwamba ni Adero huyo huyo aliyemuuguza malaria mwaka uliopita.

Karanja, mumewe, mpakuzi wa mizigo stesheni, hakuamini upesi. "Adero? Yule mama wa maombi?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, baba Nyakio. Amesema wako wengi. Wewe wakikuchukua, mimi na mtoto tutaishi na nani?"

Asubuhi Karanja hakwenda kazini. Alishika barabara ya Subukia, kwa mjomba wake aliyekuwa kibarua katika shamba la kahawa. Kibali cha safari hakuwa nacho. Alivaa ndara, na Rahab mwenyewe akachomoa mabuti ya kazi nyuma ya gunia, akamtundikia begani. Angeyavaa akikaribia kizuizi cha askari, labda wangemwona mtu wa heshima wasimsumbue. Mfa maji haachi kutapatapa.

Saa nne mlango uligongwa. Alikuwa mtu wa kaki, na mwenzake amebeba pampu ya dawa. Bunduki hawakuwa nayo. Nyuma yao akaja Adero na birika la maji yanayochemka na koleo la makaa.

"Toa mtoto nje, mama Nyakio," Adero alisema. "Bwana Afya amekuja."

Akavuta gunia. Tandu watano, wekundu, warefu kama kidole cha mtu mzima, wakatawanyika ukutani. Rahab aliinua mkono kumpiga mmoja.

"Usishike na mkono!" Adero alimfokea. Akambana tandu kwa koleo, akamtia ndani ya debe, akammwagia maji ya moto. "Hii gunia yenye maji ndiyo nyumba yao. Nilijua unaona haya kusema, nikaenda kusema mimi."

Bwana Afya aliagiza ufa uzibwe, gunia lichomwe, blanketi na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Rahab hakusikia hata nusu. Wako wengi, wanaingia, wanajificha! Hiki Kiswahili chetu humsema mdudu kama kinavyomsema mtu, na yeye alikuwa amemfukuza mumewe kwa ajili ya tandu. Wageni walipoondoka, alimshika Adero mkono, akalia.

"Baba Nyakio ameenda njia ya Subukia. Hana kibali. Mimi pia sina, siwezi kumfuata."

Adero alimtazama. "Amekimbia tandu?"

Hakungoja jibu. Aliingia kwake, akamwamsha Odero, mumewe, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akamtoa na baiskeli yake, kwani asiye Mkikuyu hakudaiwa kibali.

Hadi saa saba Rahab alisimama mlangoni. Kila lori lililonguruma barabarani alilichungulia, aone ni nani waliopakiwa. Kisha Odero akatokea akisukuma baiskeli, na nyuma yake amekaa Karanja, mguu mmoja mtupu umevimba kama kiazi.

"Nimemkuta ndani ya mtaro," Odero alisema, "kizuizi anakiona kwa macho."

Karanja alikuwa ameketi kuvaa mabuti, na hakuyakung'uta. Tandu alimuuma kidole gumba, hata akashindwa kupiga hatua. Rahab alicheka na machozi yakimtoka. Mungu ambariki tandu yule na miguu yake yote!

"Usichanje, usinyonye," Adero alisema, akiosha mguu kwa sabuni na kuukanda kwa kitambaa cha moto. Alipomaliza, alichukua buti la pili, akaligonga chini mara tatu. Hakutoka kitu. Aliendelea kulishika, macho yake yako kwa Rahab.

"Mama Nyakio, kuna wengine wamebaki?"

"Hakuna, dada," Rahab alijibu, na hakuthubutu kuuliza ni wepi, tandu au watu.