Waasisi Walipokuja Wembley

Jumamosi saa saba mchana Fanuel alikuwa anapanga viti vya plastiki katika ukumbi wa kukodi, Wembley, London, kumi kila mstari. Ryan, katibu wa chama, akaja kumwambia kwamba jina la Miska halimo kwenye orodha.

"Orodha gani?" Fanuel akauliza, ingawa alijua.

"Ya marehemu wa mwaka, Baba Makena. Usinikasirikie mimi. Imetoka juu."

Fanuel hakumaliza darasa la saba, lakini hilo alikuwa amelisoma zamani: jambo jema huwa na mwenyewe, baya hutoka juu.

Desturi ya chama chao cha Wakenya ilikuwa hivi. Kila Desemba, kwenye sherehe ya Jamhuri, katibu husoma majina ya waliofariki mwaka huo. Jina likitajwa, wafiwa husimama, na ukumbi mzima hupita kuwapa mkono. Hapo ndipo matanga huhesabiwa yameisha. Asiyetajwa, matanga yake yanaendelea. Miska, mke wa Fanuel, alifariki Machi. Godoro la msiba lilikuwa bado limetandikwa sebuleni, na Makena, binti yao, aliliruka kila asubuhi akienda kazini.

Fanuel akamfuata Mwenyekiti, Mama Jedidah, akamkuta jikoni anaonja mchuzi.

"Miska amewapikia pilau miaka kumi na tisa," akamwambia.

"Na pilau kweli. Mungu amrehemu." Mwenyekiti akafuta kidole. "Lakini majina yanasomwa ndani ya ibada, Baba Makena. Fomu ya uanachama ina mahali pa kuandika kanisa. Yake iko tupu."

"Alikuwa Mwislamu, angeandika nini? Na nyinyi wenyewe mliniambia, acha tu, si neno."

"Si mimi nimepanga. Waasisi wa taifa letu walikusudia nchi ya Kikristo. Sisi huku ugenini tunawatunzia nia yao."

"Uliwauliza?"

"Wewe nawe! Nenda kapange viti."

Saa nane na nusu waasisi wakafika, watatu, kwa basi namba 18. Hawakuwa wale wa kwenye noti. Walikuwa wale wanaosimama safu ya nyuma kwenye picha, waliokuja London zamani kujadili katiba, na wote walikufa kabla Ryan hajazaliwa. Makoti yao yalikuwa na theluji mabegani, theluji ya mwaka ule wa katiba, na haikuyeyuka hata Blandina wa jikoni alipowasogezea hita. Walichelewa kidogo. Dereva alikuwa amekataa sarafu zao, akawaeleza kwamba siku hizi pesa taslimu hazipokelewi, kisha akawaachia wakae.

"Shikamooni wazee," Blandina akasema. "Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa, mwanangu," akasema yule mrefu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni. "Tumekuja kwa sababu mnatutaja mno. Mtu hapati kupumzika."

Wa pili alikuwa wa Pwani, amevaa kofia ya viua, ya kuendea msikitini. Wa tatu alimwaga chai kidogo sakafuni kabla ya kunywa, na Blandina akapangusa.

Watu walipokwisha kukaa, Fanuel akasimama. "Wazee, nina swali moja tu. Mlikusudia nchi ya Kikristo?"

Wakatazamana.

"Ardhi tulibishania wiki nzima-nzima," mwalimu akasema. "Majimbo vilevile. Dini ilituchukua asubuhi moja. Kila mtu abaki na yake, tukaenda kula."

"Mungu tulimtaja," mwenye kofia akaongeza. "Anwani hatukumwandikia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Asanteni sana wazee wetu. Tuwapigie makofi." Wakapigiwa. "Miaka ni mingi, na binadamu husahau. Msihofu. Nia yenu sisi tumeitunza, iko salama."

"Lakini binti yangu..." mwalimu akaanza kumwambia.

"Mzee, chai yako inapoa."

Wakahamishiwa meza kuu, wakapigwa picha. Ryan akawaandikisha kuwa walezi wa chama, na mahali pa kanisa akawajazia wote watatu kanisa lake yeye, ili fomu zisikae tupu. Mwenye kofia akaisoma yake mara mbili, akairudisha. Fanuel alitazama yote hayo. Hivi ndivyo wakubwa walivyo, akawaza. Ukiwapelekea shahidi, wanampa kiti kizuri.

Ibada ikaanza. Ryan akasoma majina sita. Mara sita watu walisimama, mara sita ukumbi ulipita ukitoa mkono. Baada ya jina la sita akakunja karatasi.

Fanuel akasimama. Makena akamvuta mkono wa koti, akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba basi, inatosha. Kisha naye akasimama. Kule meza kuu waasisi wakasukuma viti nyuma, wakasimama wote watatu.

Hakuna aliyepita kutoa mkono. Hakuna aliyewakataza pia. Mwenyekiti alingoja kwa adabu, mikono ameifumbata, kama mtu anayengoja gari moshi lipite. Waliokufa hawachoki kusimama, na wale wangeweza kusimama mpaka Jamhuri nyingine. Lakini Fanuel alikuwa na goti bovu, la miaka ya kufagia ngazi za uwanja wa mpira, na dakika ya ishirini likamshinda, akakaa.

"Asanteni," Mwenyekiti akasema. "Sasa tuendelee."