Mpaka Uliopita Mangweni

Kama ni kukosea, Zeina alikosea kwa mwandiko mzuri. Karatasi kumi na mbili, herufi zimepangana sawasawa, sahihi za wazee tisa chini, na katikati ya ukurasa wa saba maneno haya: mpaka utafuata njia ya punda hadi mangwe ya Sidi, kisha utageuka kuelekea baharini. Mangwe, kwa asiyejua, ni pale penye mabenchi na vibuyu, ambapo watu hunywa mnazi mchana kweupe na kuipanga serikali upya. Zeina alikuwa hajapata kuiona kwa macho. Angeionaje? Binti wa nyumba ya kina Abubakr, buibui mpaka kisiginoni, mwalimu wa madrasa kila Jumamosi! Aliisikia kwa watu, akaiandika.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wadi yao, huko nyuma ya Kikambala, ilikuwa imenenepa hata haigeuki. Watu elfu arobaini na moja, mwakilishi mmoja. Jirani zao watu elfu kumi na mbili, mwakilishi mmoja vilevile, na fungu la maendeleo kila wadi sawa. Sasa piga hesabu mwenyewe, utajua kwa nini jirani wana zahanati mbili na taa za barabarani, na kule Matimboni, wanakochonga mawe ya kujengea, mama akishikwa na uchungu hupakiwa kwenye bodaboda, mmoja mbele na mmoja nyuma wa kumshika. Tume ya mipaka ilipotangaza kwamba inapokea maoni, wazee wakaunda kamati, na kamati ikamshika Zeina, aliyekuwa ametoka chuo na bado hana kazi. Wadi igawanywe mbili, aliandika. Matimboni, yenye watu elfu tisa, iingie wadi mpya ya huku barabarani. Hapo huku watakuwa elfu ishirini, na kule bara elfu ishirini na moja. Haki bin haki.

Basi Jumatano asubuhi akaja Nduku, mbio, aproni kiunoni na unga viganjani. Nduku huyu huuza chapati na maharagwe Matimboni. Alitoka Kitui miaka ishirini iliyopita kumtembelea dada yake, hajarudi hadi leo. Katika watu wote waliokusanya sahihi za Matimboni nyumba kwa nyumba, yeye ndiye aliyechakaza viatu.

"Zeina, tumeisha! Hiyo mangwe imehama!"

"Imehamaje? Mangwe ina miguu?"

"Iko hapa barabarani, karibu na kisima cha Masha. Mwezi mzima sasa. Na yule mtu wa kupima anakuja kesho saa nne!"

Mangwe ya zamani ilikuwa nyuma ya Matimboni. Mpaka ukifika pale, Matimboni yote imo ndani. Hii mpya iko mbele ya Matimboni. Mpaka ukigeukia hapa, watu elfu tisa wanabaki nje, wamefungwa na wadi ya bara ambayo ofisi yake iko kilomita thelathini, na mapitio mengine ya mipaka hayaji mpaka miaka kumi ipite. Alimpigia simu Mwaura, mpimaji wa tume. Mwaura akamjibu kwa adabu zote.

"Dada, muda wa kubadilisha maandishi uliisha Ijumaa. Mimi napima kilichoandikwa. Imeandikwa mangwe, nitapima mangwe."

"Na ikiwa haipo ilipokuwa?"

"Nitapima ilipo."

Nduku alikuwa anamtazama usoni. Hakusema neno la lawama, na hilo ndilo lililomuuma Zeina zaidi, maana siku ile ya kuandika, Nduku alipotaka kusoma kila ukurasa, yeye ndiye aliyemwambia, "Niachie mimi, dada." Sasa maji yamekwisha mwagika. Akachukua mkoba akatoka, na safari hii hakuandika kwa kusikia. Alikwenda mangweni kwa miguu yake.

Loo! Ungeona walevi walivyotawanyika! Buibui lilipotokea njiani, kila mwanamume alidhani ni mkewe. Mmoja aliruka ua, mwingine akajifunika gunia akajifanya mzigo. Sidi, mwenye mangwe, mjane wa Kigiriama mwenye kicheko cha kufukuza kunguru, alibaki peke yake na vibuyu vyake.

"Karibu, mwanangu. Nikutilie?"

"Astaghfirullahi! Shikamoo, Mama Sidi. Nimekuja kwa shida."

"Marahaba. Wote huja hapa kwa shida. Keti."

Zeina akaketi ncha ya benchi, akamweleza yote, na katikati ya maelezo akamsifu: mangwe yake inajulikana hadi Mnarani, hakuna mzee kwenye kamati asiyeijua, ndiyo maana ikaandikwa.

"Usinisifu sana," Sidi alisema. "Mgema akisifiwa wajua afanyavyo. Sema unataka nini."

"Urudi kule ulikokuwa. Kabla ya saa nne kesho."

Sidi akacheka mpaka akafuta macho. "Mabenchi matatu, dumu na vibuyu, mimi nahama kabla chai haijapoa. Lakini lile shamba ni la nani, mwanangu? Aliyenitoa ni nani, baada ya miaka kumi na minane?"

"Nani?"

"Ami yako! Abubakr! Mwezi wa Rajabu alikuja akasema Ramadhani ijayo haitamkuta na mangwe shambani mwake. Miaka kumi na minane alikuwa wapi, mimi sijui. Mulungu anajua."

Zeina alitamani ardhi ipasuke. Ami Abubakr, aliyemlea tangu baba yake alipofariki, ni mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, mwenye duka la nafaka na minazi mia tatu, na hasira zake zikiwaka hata paka hulihama duka. Kumwendea mtu yule na kumwambia airudishe pombe shambani mwake! Lakini mficha uchi hazai. Baada ya sala ya alasiri alisimama mbele ya mizani ya duka, akatoa shikamoo, na kabla ami hajamaliza marahaba yake akasema yote, hata la kuketi mangweni hakulificha.

"Umeketi wapi?"

"Mangweni, Ami."

"Lahaula! Na buibui hilo hilo?"

Farid, mwanawe, alikuwa ameegemea magunia ya mchele akichezea simu. Kila mtu mjini alijua Farid anautaka uwakilishi wa wadi mpya. Alikuwa amekwisha piga picha za mabango. Akainua kichwa, akatabasamu.

"Wallahi, Zeina, umekosea vizuri. Matimboni ikibaki nje, wadi mpya ni sisi kwa sisi. Jamaa zetu peke yao wananitosha. Wale wachonga mawe wangempa kura nani? Si yule mpika chapati wao?"

"Watu elfu tisa, Farid!"

"Si wa huku. Wakifa wanasafirishwa kwao."

Hapo Zeina aliwaka. Hajapata kumpandishia sauti ami yake, wala hakupanga kufanya hivyo siku ile, lakini yalimtoka. "Ami, ukimpimia mtu pishi ya unga, unaijaza mpaka inamwagika. Watu hutoka Kikambala kuja kununua kwako kwa sababu hiyo. Sasa nitazame. Huku kutakuwa na watu elfu kumi na moja, kule elfu thelathini, na kila upande mwakilishi mmoja. Hiyo ni pishi gani? Ungeipima wewe mbele ya wateja?"

Abubakr alimtazama, shingo imemvimba.

"Toka," alisema. "Nina wateja."

Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Alhamisi saa nne kasorobo, jua limekwisha kuwa kali, wanawake watatu walikuwa wamesimama njiani ukingoni mwa shamba la Abubakr: Zeina, Nduku na Sidi, kila mmoja na benchi lake kichwani. Kuingia bila ruhusa hawakuthubutu, kuondoka hawakutaka. Nyuma yao watu wa Matimboni walikuwa wakimiminika, wachonga mawe na vumbi lao jeupe, wahudumu wa hoteli waliokuwa hawajaingia zamu ya mchana, akina mama na watoto mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu, wakasubiri kuambiwa wako ndani ama wako nje.

Mwaura akashuka kwenye pikipiki na kidude chake cha kupimia kinachosemezana na setelaiti. Farid alikuwa amemtangulia, viatu vinang'aa.

"Mangwe ya Sidi ni ipi?" Mwaura aliuliza.

"Ile kule kisimani," Farid akajibu upesi. "Twende nikupeleke."

"Dada Zeina, ni kweli?"

Zeina akateremsha benchi. Angeweza kudanganya, wangemsaidia watu elfu tisa. Lakini alisema kweli. "Nilipoandika, ilikuwa hapa, ndani ya shamba hili. Mwezi uliopita ikahamishwa. Sikujua, kwa sababu sikufika kuangalia. Kosa ni langu, si lao."

Mwaura akajikuna kichwa. Alikuwa mtu mwema, lakini kazi ni kazi. "Hapa naona visiki tu. Siwezi kupima kumbukumbu." Akaanza kufunga kidude chake aende kisimani. Nduku akakaa chini pale pale mchangani, mikono kichwani, na Zeina akaona kwa macho yake jinsi mtu anavyokata tamaa. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani.

"We Mwaura, au unaitwa nani! Subiri!"

Sauti ile kila mtu aliijua. Abubakr alikuwa anakuja na njia ya punda, kanzu ameishika isiguse vumbi, kofia imeenda upande. Hakumsalimu mtu. Alifika kwa Sidi, akamtua lile benchi kichwani, akaingia nalo shambani mwake, akaliweka penye visiki, na akalikalia. Watu wa msikitini waliokuwa wakipita wakasimama. Mtu aliyekwenda Makka mara mbili, ameketi kwenye benchi la mangwe!

"Mangwe ya Sidi ni hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa, na leo namrudisha. Sidi! Lete vikorokoro vyako."

"Kwa leo tu?" Sidi akauliza, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mimi si mtu wa kumdanganya mpimaji. Umerudi, basi umerudi."

"Kwa kodi ile ile?"

"Bila kodi! Pesa ya pombe siitaki!"

"Aa, na ile ya miaka kumi na minane?"

"Ile ilikuwa kodi ya minazi! Ulichogema ni chako na Mulungu wako!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika barabarani. Hata Mwaura alicheka, lakini baadaye akatoa fomu, akaivuta kalamu sikioni. "Mzee wangu, lazima mwenye ardhi athibitishe. Jina kamili, na shughuli inayofanyika kwenye shamba. Niandike nini?"

Kicheko kikakatika. Farid akamsogelea baba yake, akamwinamia. "Baba, tafadhali. Utaniangusha. Na jina lako je?"

"Wale watu nimewauzia unga miaka ishirini," Abubakr alisema, wala hakushusha sauti. "Mimi najua wako wangapi kuliko serikali. Nikinyamaza nimewapunja, na sijapata kumpunja mtu. Wewe unataka kura? Hao hapo, elfu tisa. Kawaamkie." Kisha akamgeukia mpimaji. "Andika. Alhaji Abubakr bin Nassor. Shughuli: mangwe ya mnazi. Nipe nitie sahihi."

Akatia sahihi. Kidude kikalia mara mbili, na Mwaura akasoma tarakimu kwa sauti akiziandika. Nduku aliruka kutoka mchangani akapiga kigelegele cha kwao Kitui, akina mama wakakipokea, na mara shamba zima likawa sherehe, wachonga mawe wakigombania kubeba mabenchi mawili yaliyobaki. Farid alisimama peke yake kwa dakika nzima. Halafu, taratibu, akamwendea mchonga mawe wa kwanza, akanyoosha mkono. Mkono ulirudi mweupe vumbi.

Zeina na ami yake walirudi pamoja kwa njia ya punda. Mzee alikuwa anatembea mbele, na Zeina nyuma yake hajui aanzie wapi kushukuru. Kwenye kona mzee alimwuliza bila kugeuka:

"Ile karatasi niliyotia sahihi itabandikwa wapi?"

"Kwa chifu, Ami. Na sokoni." Akapunguza mwendo. "Na kwenye ubao wa msikiti. Watu wasome, mwenye pingamizi alete."

"Lini?"

"Kesho, kabla ya sala ya Ijumaa. Inakaa siku thelathini."

Abubakr akasimama. Zeina akaona mabega yake yameshuka ndani ya kanzu, na moyo ukamkatika, kwani mtu huyu alikuwa na mali nyingi, lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni jina lake.

"Nitawaomba wasiibandike pale msikitini," Zeina alisema haraka. "Mwaura atanielewa. Ami, niache nikawaombe."

"Hapana, waache wabandike." Akaiweka sawa kofia yake. "Mimi kesho nitatangulia, nikae safu ya mbele, anayetaka kuniuliza asipate taabu kunitafuta."