Majina Mawili ya Binti Manyanda

Ngolo aliweka karatasi mbili juu ya meza, moja juu ya nyingine, akazisogeza hadi kingo zikalingana sawasawa. Kisha akaivuta kidogo ile ya juu ili majina yote mawili yaonekane.

"Mwalimu," alisema, "Joseph ni nani?"

Mwalimu Ubaldo alivaa miwani. Karatasi ya juu ilikuwa cheti cha kuzaliwa, kipya kabisa: Ngolo Manyanda Shija. Ya chini ilikuwa cheti cha kidato cha nne: Angela Joseph Manyanda. Msichana aliyesimama mbele yake Ubaldo alimfahamu tangu darasa la tatu, binti wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao pembezoni mwa Kasansa, aliyetembea saa moja na nusu kila asubuhi kuja shuleni na asichelewe hata mara moja. Sasa alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, na chuo kikuu kimoja cha Morogoro kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Ubaldo alikuwa ameongoza shule ile ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na hakukumbuka msichana mwingine aliyefika hapo.

"Maombi yangu ya mkopo wa masomo yamerudishwa," Ngolo aliendelea. "Wanasema mwenye vyeti vya shule siye mwenye cheti cha kuzaliwa. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Ubaldo hakuhitaji kufikiri sana ili kukumbuka. Miaka saba iliyopita, fomu za kusajili watahiniwa wa darasa la saba zilidai majina matatu kwa kila mtoto, na mratibu wa elimu alikuwa akizisubiri nje, pikipiki yake ikiunguruma. Manyanda, baba wa mtoto, alikuwa machungani mbali. Katika daftari la mahudhurio mtoto aliandikwa jina moja tu, Ngolo, na Ubaldo aliliona halitoshi. Zaidi ya kutotosha, aliliona jina la zizini. Alimpenda yule mtoto. Alikuwa akimwona, kwa jicho la matumaini, ameketi siku moja katika ofisi kubwa, na mlangoni pa ofisi ile jina lililobandikwa halikuwa Ngolo. Akaandika Angela. Jina la kati alilipata ukutani, kwenye kalenda ya parokia. Akapiga muhuri, mratibu akaondoka na vumbi lake, na Ubaldo akarudi darasani akijiona ametenda wema.

"Jambo dogo hilo," alisema sasa. "Nitakuandikia barua."

Aliiandika palepale. *Kulitokea hitilafu katika uandishi wa majina ya mwanafunzi tajwa.* Ngolo aliisoma akiwa bado amesimama.

"Hitilafu ilitokea yenyewe, Mwalimu?"

"Barua za kiofisi huandikwa hivyo."

"Sawa," alisema Ngolo, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali chochote. "Lakini twende wote. Nikienda peke yangu watanirudisha."

Asubuhi ya Jumatano walipanda basi la Mpanda. Katikati ya hifadhi abiria walifunga madirisha kwa sababu ya mbung'o, wakakaa na joto lao hadi Sitalike. Ngolo alikuwa ameshika bahasha ya nyaraka kifuani kwa mikono miwili. Ubaldo alijaribu kumzungumzisha kuhusu chuo, na ndipo alipojua ni kwa nini alichagua mifugo. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wameteketea kwa homa ya mapafu alipokuwa kidato cha pili. Mtaalamu wa mifugo alifika siku ya kumi na moja, akiwa na chanjo, na hakukuta wa kumchanja. Wamebaki maksai wanne tu wa kulimia.

"Alituambia tungemwita mapema," alisema Ngolo. "Tulimwita siku ya kwanza."

Katika ofisi ya kwanza, ile ya vyeti vya kuzaliwa, karani aliikagua karatasi pande zote mbili. "Cheti hiki ni sahihi. Wewe si ndiye Ngolo? Sasa sisi turekebishe nini?"

Katika ofisi ya pili, ya elimu, waliambiwa mtandao umekatika. Walikaa kwenye benchi hadi saa nane. Mtandao uliporudi, ofisa mmoja mwenye sauti ya upole aliwaeleza kwamba marekebisho ya majina kwenye vyeti vya mitihani huanzia shuleni, hupita halmashauri, halafu huenda Dar es Salaam.

"Huchukua muda gani?" aliuliza Ubaldo.

"Miezi mitatu. Minne ikizidi."

"Mwisho wa maombi ni Ijumaa hii."

"Basi mngekuja mapema, mzee wangu."

"Cheti cha kuzaliwa niliomba mwezi wa tatu," Ngolo aliingilia. "Nimekipata wiki mbili zilizopita. Ningekuja mapema na nini?"

Ofisa aliitazama barua ya Ubaldo, akairudisha taratibu. "Na barua hii haisemi ni nani aliyekosea. Haitawasaidia popote."

Ubaldo alitoka akiwa amekunja uso. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na kwa miezi kadhaa jina lake lilikuwa likitajwa kwenye nafasi ya ofisa elimu kata. Hakuwa amezoea kurudishiwa barua kama mtoto aliyekosea hesabu. Njia nzima kwenda Mwamkulu, ambako wangelala kwa dada yake Suzana, alilalamika juu ya vijana wa maofisini, juu ya mfumo, juu ya mtandao. Ngolo alikuwa kiti cha nyuma cha bajaji na bahasha yake, akitazama mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa.

Alhamisi walikwenda kwa wakili. Bibiana alikuwa mwanamke kijana mwenye chumba kimoja karibu na soko, na aliwasikiliza bila kuandika kitu hadi walipomaliza.

"Njia ya haraka ipo," alisema. "Ngolo anaapa kwamba ameliacha jina lake, na kuanzia leo anaitwa Angela Joseph Manyanda. Nyaraka zote zitafuata jina hilo. Leo hii hii tunamaliza."

"Kumbe ni hivyo tu?" Ubaldo alishusha pumzi.

Ngolo alikuwa akitazama meza. "Nikiapa hivyo, Ngolo atakuwa wapi?"

"Kisheria, hatakuwepo tena."

"Jina hili ni la bibi yangu, mama yake baba. Yeye ndiye aliyenipa." Sauti yake haikupanda. "Sijaliacha, dada Wakili. Siwezi kuapa kwamba nimeacha kitu ambacho nilinyang'anywa."

Neno lile la mwisho lilimpata Ubaldo usoni kama kofi.

Wakili aliwatazama wote wawili. "Basi ipo njia nyingine, ila hiyo si ya Ngolo. Ni yako, Mwalimu. Unaapa wewe: kwamba majina yale uliyaandika wewe, bila ridhaa ya mzazi, na kwamba Angela na Ngolo ni mtu mmoja. Tunaambatisha kwenye maombi. Siahidi kwamba watakikubali kiapo hicho, ingawa nimeona vingine vikikubaliwa. Lakini nikwambie ukweli. Hiki ni kiapo. Unakiri kwamba uliandika taarifa zisizo za kweli kwenye fomu ya serikali. Kikimfikia mwajiri wako, kinaweza kukurudia."

Ubaldo aliomba muda. Walikwenda kwa mama lishe mmoja upande wa pili wa barabara, wakaletewa wali na maharage. Alikula vijiko viwili.

"Nilikuwa nakutakia mema," alisema hatimaye.

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana sikuwahi kusema."

"Kusema nini?"

Ngolo alisogeza sahani. "Mtihani wa darasa la saba tulifanya kwa namba, sikujua. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza waliita majina. Wakaita Angela. Sikuitika, kwa sababu nilikuwa simjui. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu wakasema Angela hajaripoti, nafasi yake wampe mwingine. Na mimi nimekaa palepale, dawati la mbele, nina sare. Nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba Ngolo hayupo kwenye orodha. Akanifukuza. Nilivyorudi kesho yake na baba, nikachapwa kwa utoro."

"Nani aligundua?"

"Mimi. Niliomba niione orodha. Nikaona Manyanda mwishoni mwa jina la Angela. Wasukuma tulikuwa wawili tu darasani, na mwenzangu hakuwa Manyanda. Nikasema, labda huyu ndiye mimi." Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Miaka sita nimeitika jina la mtu. Kila wakiita, nilikuwa nachelewa kidogo. Walimu wakaona mimi ni mzito wa kuelewa."

Ubaldo alitazama wali wake ukipoa. Kwa miaka yote alikuwa akiwasimulia wenzake habari za Angela wake aliyefika mbali, na katika masimulizi hayo alijiweka mlangoni, yeye ndiye aliyeufungua. Hakuwahi kumfikiria mtoto aliyekaa dawati la mbele akisikiliza nafasi yake ikigawiwa. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuja kweli, lakini kila alipotafuta wa kumkasirikia alijikuta mwenyewe.

Walirudi kwa wakili. Bibiana alisoma maneno kwa sauti huku akiyachapa: *Mimi, Ubaldo, mwalimu mkuu, naapa na kuthibitisha kwamba niliandika majina hayo kwa mkono wangu, bila kumuuliza mzazi wala mtoto...*

"Ongeza," alisema Ubaldo. "Kwa sababu sikulipenda jina lake."

Vidole vya wakili vilisimama. "Hiyo haihitajiki, Mwalimu."

"Iandike."

Akaweka sahihi. Ngolo, aliyekuwa amesimama dirishani, hakugeuka.

Ijumaa asubuhi walikuwa wa kwanza kuingia steshenari yenye intaneti, ili wayatume maombi upya. Mara tatu kiapo kilikataa kupanda mtandaoni. Mara ya nne, saa sita kasoro, kioo cha kompyuta kikaandika kwamba maombi yamepokelewa na yanahakikiwa. Mwenye duka alipiga makofi. Ngolo aliuliza, "Hakuna zaidi ya hapo?" Akaambiwa hakuna, ni kusubiri.

Walisubiri. Orodha ya kwanza ya waliopata mkopo ilitoka bila jina lake, lolote kati ya hayo mawili. Ya pili ikatoka, hamna. Chuo kilipofunguliwa Ngolo alikataa kuendelea kukaa Kasansa. "Nitasubiria hukohuko," alisema. "Nikikaa hapa kiti changu kitapewa mwingine." Maksai wawili kati ya wanne wakaenda mnadani.

Mwalimu Ubaldo alikwenda kumsindikiza stesheni ya Mpanda. Manyanda alikuwepo, mzee mrefu mwenye koti zito, ameketi juu ya begi la bintiye kana kwamba begi lingeweza kutoroka. Walisalimiana. Kichwa cha treni kikaanza kusogezwa kwenye mabehewa.

"Mwalimu," alisema Manyanda, "nasikia mimi nilikuwa Joseph."

"Nisamehe, mzee Manyanda."

"Miaka saba. Ungekuja tu kuniuliza. Machungani si mbinguni."

Ngolo alipanda, akatokeza kichwa dirishani, akampa baba yake mkono, kisha akampa na mwalimu. Mkono ulikuwa mkavu na wa haraka. Treni ikaondoka kuelekea Kaliua, na wanaume wawili wakabaki wakitazama reli, kila mmoja upande wake.

Jina la Ngolo lilitoka kwenye orodha ya tatu, wiki ya tano ya masomo, alipokuwa akilala kitanda kimoja na msichana wa Songea aliyemwonea huruma. Aliandikwa: *Angela Joseph Manyanda, ajulikanaye pia kama Ngolo.* Alimtumia Ubaldo ujumbe wa mstari mmoja: kwamba mkopo umepatikana, na kwamba vyeti bado havijarekebishwa, aendelee kufuatilia. Ubaldo alifuatilia. Alijaza fomu, akaambiwa si hiyo, akajaza nyingine. Katikati ya hayo ilimfikia barua ya mwajiri ikimtaka ajieleze ndani ya siku kumi na nne. Alijieleza ndani ya mbili. Nafasi ya ofisa elimu kata alipewa mwalimu wa shule ya jirani.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, fomu za watahiniwa zilipokuja tena, Ubaldo hakuzijazia ofisini. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki, akazunguka nazo nyumba kwa nyumba, na siku ya tatu akafika kwenye makazi ya wafugaji ng'ambo ya mto, viatu vikiwa vimejaa tope. Mama mmoja alikuwa akianika mahindi. Binti yake wa darasa la saba alisimama kando, akikuna mguu mmoja kwa kidole cha mguu wa pili.

"Majina matatu?" Mama alishangaa. "Kwa nini unisumbue mimi, Mwalimu? Hili la nyumbani halitamsaidia huko. Andika la kizungu, lolote zuri. Nyie walimu ndio mnaojua."

"Sijui, mama," alisema Ubaldo.

Mama alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha. Ubaldo akachuchumaa, akaweka fomu gotini, akamgeukia mtoto.

"Wewe unaitwa nani?"

Mtoto alimwangalia mama yake, akaangalia chini, akalitamka jina haraka sana, kwa kunong'ona, kama anayetaka kulirudisha kinywani kabla halijasikika.

Ubaldo alisogea karibu zaidi, kalamu ikiwa bado juu ya mstari mtupu.

"Sema tena," alisema. "Polepole."