Kufuli la Mama Barafu

Mama Barafu alikuwa ameinamia injini ya teksi, kafumba macho, anasikiliza. Mtaani walisema fundi huyu husikia gesi ya kiyoyozi ikivuja gari likiwa bado barabara ya pili. Dereva hakuamini, ila hakuthubutu kubisha. Saa nane kampuni ya teksi ingekagua magari, na lisilotoa baridi lingeondolewa kazini pamoja na dereva wake.

"Nijazie tu gesi, mama yangu. Wenzako wote hunijazia."

"Na wiki ijayo unarudi unachuruzika jasho. Gesi ilivyopanda bei, nikuuzie ya kupeleka mawinguni?"

Akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba, kimoja kimoja. Nyuma ya kompresa, mahali ambapo hata mende angeingia kwa kuomba njia, povu likaanza kutokota.

"Mwizi wako huyu hapa!"

Akabadilisha raba ya kiungo, akawasha pampu inyonye hewa na unyevu. Ikabaki kujaza gesi tu, na mtungi wake ulikuwa ndani ya kibanda cha Mama Barafu.

Ndipo afisa wa manispaa akatokea na kufuli jipya.

"Kibali kipya cha biashara kiko wapi?"

"Si mliniambia hakijachapishwa?"

"Hakijachapishwa, ndiyo. Lakini kutokuwa nacho ni kosa." Akafunga mlango wa kibanda, akabandika karatasi yenye muhuri juu ya kufuli. "Atakayegusa kufuli hili atanitambua!"

"Bosi, mtungi wangu umo ndani."

"Utautoa ukileta kibali."

Akaenda zake kufunga vibanda vya jirani. Dereva akakaa juu ya tairi. "Basi, nimekwisha."

"Ukiisha nitamtoza nani? Inuka, shika mlango."

Mama Barafu akachukua bisibisi, akafungua skrubu za bawaba taratibu, kama anayemenya viazi. Mlango ukafunguka upande usio wake, ukaning'inia kwenye kufuli la manispaa.

Gesi ikaingia. Baridi ikatoka, na baridi gani! Dereva anaapa hadi leo kwamba nzi aliyekuwa juu ya dashibodi alikunja mabawa akijifunika.

Afisa alirudi mbio. "Nilisema usiguse!"

"Kufuli lako sijaligusa, bosi. Hata vumbi lake liko palepale."

Afisa akakagua muhuri: mzima. Akapekua mkoba wake, akitafuta karatasi ya kubandika kwenye bawaba. Haikuwemo.

"Labda nayo haijachapishwa," alisema Mama Barafu, kichwa kimeshazama kwenye gari lililofuata.