Kiti cha Patriaki

Mtu kufeli historia kwa sababu ya adabu, hiyo mimi Célestine sikuwahi kuisikia mpaka iliponikaribia mwenyewe. Tulikuwa wanafunzi wanne mezani, shule ya watu wazima huku Uswidi, na mwalimu wetu Rebecka, kwenye mtihani wa kujadiliana. Mada ilikuwa Petro Mkuu wa Urusi, alivyogeuza serikali na kanisa. Asiyeongea hafaulu. Bila historia sipati cheti, na bila cheti siingii chuo cha uuguzi. Miaka tisa nimeosha wazee wa watu nikiingoja siku hiyo.

Sasa anayeongea ni mwenzetu mzee Boniface, Mtanzania aliyestaafu kiwanda cha malori Södertälje, mzee wa kanisa letu, aliyesimamia ndoa yangu. Kwetu Bukavu mkubwa akiongea unangoja amalize. Nikangoja. Akapita kodi ya ndevu, akapita meli za vita, akapita mji mpya kwenye matope. Dakika kumi nzima. Rebecka akanitazama, akaandika kitu. Nikajua naandikiwa sifuri. Hasira ikanipanda, nikamchukia hata Petro mwenyewe.

Ndipo mzee akasema Petro alijitawaza patriaki, yaani mkuu wa kanisa lote la Urusi.

Jamani, hilo nilikuwa nalijua kama Baba Yetu. "Mzee wangu, unisamehe," nikasema kwa Kiswahili, kisha nikahamia Kiswidi. "Hakujitawaza. Patriaki alipofariki mwaka 1700, Petro alizuia mwingine asichaguliwe. Kiti kikakaa kitupu miaka ishirini na moja. Halafu akaweka baraza la viongozi wa dini, na afisa wa serikali wa kulichunga. Kanisa likawa idara kama idara nyingine." Baada ya hapo nani angenizuia? Wale wawili wengine ikabidi waniombe nafasi.

Mwishoni Rebecka akasema wote tumefaulu. Nikatoka chumbani. Nikakaa ngazini, nikamshukuru Mungu kwa sauti, Waswidi wakinipita.

Mzee akatoka. Nikasimama kumwomba radhi kwa kumkosoa mbele ya watu.

"Radhi ya nini, mwanangu?" akasema. "Niliyoyasoma yaliisha dakika ya tatu. Nilikuwa nakutazama unipokee maneno, wewe umeinamisha kichwa tu. Nikaona nikosee kitu kikubwa, maana nakujua, kosa la kanisa huwezi kulivumilia."

Nilimshika mkono tukaenda kituoni, sikuuachia mpaka treni ya kwenda Hagsätra ilipofika.