Anwani ya Mfiwa

Katika wajukuu wangu wote, Tansy ndiye aliyebaki nami hapa bondeni, mashariki mwa Kentucky. Wenzake walihama mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa. Yeye alibaki kwa sababu alipata kazi kwenye soko moja la mtandaoni. Watu wanatuma sauti walizorekodi, naye anazisikiliza na kuandika kila neno. Alikuwa akikaa kwenye meza yangu ya jikoni, chini ya mguu ana kanyagio cha kusimamisha sauti, utadhani anashona kwa cherehani.

Lakini soko lenyewe lilikula kama mchwa. Kuomba kazi tu unalipa, hata usipoipata. Ukiipata, wanakata sehemu ya tano ya ujira wako. Ukitaka kuzitoa hela zako, wanakata tena.

"Hebu nieleze vizuri," jirani yetu mzee Hobert alimwambia siku moja, akinywa kahawa yangu. "Unalipa ili uombe kazi?"

"Ndiyo, babu."

"Sisi mgodini walituibia, lakini angalau walingoja kwanza tuchimbe."

Tansy akacheka. "Na kifua kilichojaa vumbi mkaondoka nacho. Mimi sikohoi."

"Wewe ngoja. Na kukohoa watakulipisha."

Msimu wote wa baridi alikuwa akimwandikia sauti zake bwana mmoja, Warren. Jina la pili hakulijua, wala mji. Soko halitaki watu wafahamiane hivyo, wasije wakalipana pembeni. Warren alikuwa anamrekodi baba yake mzee akisimulia maisha yake: ng'ombe wa maziwa, theluji iliyoziba mlango, mke aliyekuwa akiwaimbia farasi. Tansy akaizoea sauti ile hata akawa ananipa habari zake kama za mtu wa kanisani kwetu. "Leo mzee kachoka, Bibi. Amesahau jina la mbwa wake."

Mwezi Machi Warren akaandika kwamba baba amefariki, akatuma na sauti ya mwisho.

Sasa, kwetu mfiwa haachwi hivihivi. Hata aliyekukosea, akifiwa unampelekea chakula. Usipopeleka, umemtukana bila kufungua mdomo. Tansy alishuka chumba cha chini, akachagua chupa mbili za jemu ya matofaa tuliyoipika uani kwenye sufuria la shaba, akazifunga kwa magazeti zisigongane. Kisha akamwandikia Warren palepale sokoni: Pole sana. Nipe anwani yako nikutumie kitu kidogo.

Hata kahawa haijapoa, ukurasa ukafungwa. Kumbe mashine ya soko inasoma kila ujumbe. Ikaona anwani, ikaamua huyu anamtorosha mteja ili asikatwe. Akaunti ikafungwa kabisa, na ujira uliokuwa humo ukazuiwa.

"Waambie ni jemu," nikasema.

"Nimewaambia, Bibi. Anayejibu si mtu."

"Basi mpigie huyo Warren."

"Kwa namba gani?"

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analilia hela. "Atasema nimemkimbia," akasema. "Baba yake kafa, na mimi nimenyamaza."

Hobert alipokuja hakutania. Alikaa akizungusha kofia yake mikononi, kahawa hakuigusa.

Ile sauti ya mwisho Tansy alikuwa ameshaihifadhi kwenye kompyuta. Akaiandika yote, tangu asubuhi mpaka jioni, na hapakuwa na wa kumlipa wala njia ya kumfikishia mwenyewe. Mahali mzee alipotulia kuvuta pumzi, naye alitulia, mguu juu ya kanyagio, akimngoja.

Halafu akapata kazi ya kupakia maboksi kwenye bohari kule mjini Lexington. Asubuhi ya kuondoka nilimfungia mikate na soseji, nikamsindikiza mpaka garini. Nikamuuliza yule mzee alimalizia na nini.

"Alimwambia Warren, 'Zima hiyo mashine, mwanangu, uje tukae.'"

Nikamfungia mlango wa gari, maana ule wa upande wake haushiki mpaka usukumwe kutoka nje.