Karafuu ya Mtini

"Geuza, usikande," Moza alisema. "Melimeli ukiikanda inashika mabaka."

Khairat akazamisha mwiko mpaka chini ya sufuria, akaipindua nguo hiyo nyepesi polepole. Mvuke wa magome ya mkoko ulimpanda usoni. Mitandio mingine ilikuwa tayari kwenye kamba ya uani, kahawia iliyokoza, haina doa. Moza, shangazi yake, kazi hii aliijua kwa kukosea na kurudia: nguo ioshwe kwanza mpaka uwanga wa dukani utoke, magome yachemshwe na kuchujwa, kisha maji yake yatiwe misumari yenye kutu ili rangi ikolee.

Harusi yake Khairat ilikuwa Ijumaa. Mitandio hii ilikuwa ya wanawake wa upande wa bwana harusi, watakaokuja Tumbe kutoka Ole. Mavyaa wake, mama wa bwana harusi, alikuwa ameleta maneno: anataka kitambaa laini, rangi ya karafuu. Hilo lilikuwa agizo lake la kwanza kwa bibi harusi, na Khairat alitaka alitimize kwa mikono yake. Hakupenda kuingia nyumba ya watu akiwa amekwisha kukosea.

"Hodi uani!"

Alikuwa Bi Mardhiya mwenyewe, mavyaa, buibui limejaa vumbi la bodaboda. Khairat akajifuta mikono haraka, akambusu mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshindwa kungoja Ijumaa." Akausogelea mtandio mmoja, akauweka shavuni. "Ah! Laini kama sikio la mtoto. Hii ya nani?"

"Yenu," Moza akajibu kwa fahari. "Rangi ya karafuu, kama ulivyoagiza."

Bi Mardhiya akautazama mtandio, akamtazama Moza. "Karafuu? Haya makonyo, mkwe wangu!"

Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mwiko alioushika tena Khairat ukamchuruzikia mguuni, asiusikie.

Moza akaingia jikoni, akarudi na kopo la viungo, akamimina karafuu kiganjani. "Tazama mwenyewe. Si rangi moja?"

"Hizo zimekufa zamani! Siye watu wa Ole tukisema rangi ya karafuu, ni ya mtini, inapoanza kupiga wekundu, siku ya kuchuma. Nyiye wa Tumbe karafuu mwaijulia kwenye pilau!"

"Na nyiye samaki mwamjulia kwenye sahani!"

Wakacheka wote wawili, wakipigana viganja. Khairat hakucheka.

"Mama, nisamehe. Nimekuharibia."

Bi Mardhiya akamshika mkono. "Umeharibu nini, mwanangu? Nimesema neno nusu, nanyi mkalimaliza kwa mnavyojua. Hii vaeni upande wenu, imependeza. Ila miye nataka nyekundu yangu. Yawezekana?"

Khairat akamgeukia shangazi yake.

"Magome ni yaleyale," Moza akasema taratibu. "Tukipika kwenye chungu bila misumari, nguo ikalala humo, kisha tukaipitisha kwenye maji ya jivu, wekundu utakuja. Wa namna gani, sijui. Kwenye melimeli sijaujaribu."

"Jora la melimeli bado lipo," Khairat akasema upesi.

"Basi mwangoja nini?"

Bi Mardhiya akavua buibui, akajifunga kanga kiunoni, akachukua ungo na kuchutama kando ya rundo la jivu. "Wakiniona Ole nampepetea jivu mkaza mwanangu kabla hata hajaolewa, watasema nimelishwa limbwata."

"Si limbwata, mama," Khairat akasema, "ni pweza wa Tumbe. Bado hujamla."

Bi Mardhiya akacheka hata jivu likampanda puani, akapiga chafya, na Khairat naye akacheka mpaka akakaa chini.

Chungu kikachemka, kikaachwa kipoe kidogo, nguo ikazamishwa. Baada ya muda wakatoa humo kipande kidogo cha kujaribia. Kilipotoka kwenye maji ya jivu kilikuwa na wekundu hafifu, kama wa shavu. Bi Mardhiya akakiinua juani.

"Hii bado changa. Haijafika ya kuchumwa."

"Ipe usiku mzima," Moza akasema.

Khairat akavuta kuni nje ya meko, akakifunika chungu kwa kawa na kuweka jiwe juu. Bi Mardhiya akavaa buibui, vidole vimeingia rangi hadi kuchani.

"Kesho usifunue mpaka nije."

"Na ukichelewa, mama?"

"Utaningoja, weye! Mwenye shamba ndiye aamuaye siku ya kuchuma."